Kabla Hujabeba Mkeka Kwenda Nanenane
Maswali ya wasomaji kuhusu kazi za mikono

Barua za msimu huu zinafanana. Kazi imependeza nyumbani, majirani wameisifu, lakini ikifika uwanja wa maonyesho haichaguliwi wala hainunuliwi. Anayeijua kazi ya mikono hakawii kwenye uso wake. Anaigeuza. Anatazama mshono wa ndani, mwisho wa uzi, kitako cha kikapu, pindo la mkeka. Kwa hiyo majibu yetu mengi safari hii yanahusu upande ule ambao mtengenezaji hufikiri hauonekani.

Shikamooni. Nasuka mikeka ya ukindu. Mwaka jana mkeka wangu wa nyekundu na nyeupe ulilala bandani, umande ukaingia, asubuhi wekundu umevujia kwenye weupe. Na rangi nilitia nyingi, wala sikubania! Jambo la pili: nilipanga mkeka wa futi 6 kwa 4, nikasuka ukili (ule mshipi mrefu unaoshonwa kuwa mkeka) wa inchi 2, mistari 24. Upana ukatoka futi 3 na nusu. Nakosea wapi?
*Mama wa Muheza, Tanga*

Marahaba, mama. Hiyo rangi nyingi ndiyo iliyokuponza. Ukindu hunywa kiasi chake tu. Inayozidi hukaa juu ya jani ikingoja maji.

Ukindu ukishakauka ukawa mweupe, uloweke kwanza nusu saa kwenye maji matupu. Ukiutumbukiza mkavu kwenye rangi, unashika nje tu na ndani unabaki mweupe. Funga vicha vyenye unene wa kidole gumba, na kamba ilegee kiasi cha kupenyeza kidole, kwa sababu pale utakapokaza ndipo patakapotoka mabaka. Sufuria ya lita 10 isipokee zaidi ya nusu kilo ya ukindu; vicha viweze kugeuka bila kubanana. Rangi ikoroge pembeni kwenye kikombe cha maji ya moto, uichuje kwa kitambaa ndipo uimimine, maana punje moja isiyoyeyuka inatosha kuacha doa. Tia chumvi vijiko 2 vya mezani. Chemsha kwa moto mdogo nusu saa huku ukigeuza.

Baada ya hapo wengi huharibu kwa haraka: wanaopoa vicha vikiwa vya moto na kuvianika. Epua sufuria, acha ukindu upoe humo humo, ukiweza hadi asubuhi. Kisha suuza mpaka maji yatoke meupe kabisa, hata ikiwa ni mara sita. Anika kivulini penye upepo, kwani jua la saa saba hupausha rangi.

Kabla hujaanza kusuka, jaribu hivi. Lowesha kitambaa cheupe, kifunge kwenye ukindu uliokwisha kupakwa rangi, weka jiwe juu yake saa moja. Kitambaa kikipata rangi, rudi kusuuza. Fanya hivyo kwa kila rangi, na usiisamehe nyekundu wala zambarau. Mkeka ukishashonwa, hakuna tena dawa ya kuvuja isipokuwa kufumua.

Sasa upana. Uligawa inchi 48 kwa 2, ukapata 24. Hesabu hiyo ingefaa kama ukili ungelazwa ubavu kwa ubavu, lakini ukishonwa kingo zake huingiliana. Shona vipande viwili vifupi vya inchi 2, uvipime pamoja. Tuseme umepata inchi 3 na robo tatu: basi kila mshono unakula robo inchi. Mstari wa kwanza unakupa inchi 2, na kila unaofuata inchi 1 na robo tatu tu. Kwa mistari 24 ni inchi 42 na kidogo, ndiyo futi 3 na nusu uliyoipata. Kufika inchi 48 unahitaji mistari 28. Hiyo ni futi 168 za ukili, na ukiongeza inchi 2 za kukunja kwenye kila ncha zinafika kama futi 177. Suka futi 180. Ukili uliobaki hauozi, lakini ukili ulioongezwa mwishoni kutoka fungu jingine la rangi utaonekana tangu mlangoni.

Sisi ni kikundi cha wanawake 12, tunasuka vikapu na ungo. Tunataka kuonyesha Nanenane pale Nzuguni lakini hatujui tuanzie wapi. Tukiuliza tunaambiwa tusubiri.
*Kikundi cha Chamwino, Dodoma*

Msisubiri. Maonyesho yanaanza tarehe 1 Agosti na kilele ni tarehe 8, lakini nafasi inatafutwa Mei. Kwa kikundi kidogo njia iliyo nafuu ni kuingia chini ya banda la halmashauri yenu. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mwendeeni na vitu vitatu: nakala ya usajili wa kikundi, barua fupi yenye mihuri ya kijiji, na vikapu vitatu vilivyo bora kuliko vyote mlivyo navyo. Mkienda mikono mitupu mtaandikwa kwenye orodha. Mkienda na kikapu, mtu atakishika, atakikumbuka.

Mkikubaliwa, ulizeni mapema na majibu yaandikwe: nani analipa usafiri wa mizigo, meza ni ya urefu gani, mtaruhusiwa kuuza au kuonyesha tu, na watakaolala huko watalala wapi. Vikundi vingi hukwaruzana uwanjani kwa sababu maswali haya yaliulizwa tarehe 31 Julai. Wachagueni wawili wa kukaa bandani, mmoja awe anayeweza kusuka mbele za watu. Mikono inayosuka huvuta watu kuliko spika.

Dodoma mwezi Agosti ni upepo na vumbi. Wekeni mezani kikapu kimoja cha kila aina, vingine vikae ndani ya shuka la pamba. Msifunike kwa nailoni, joto la mchana hutoa jasho ndani yake na ukungu ukaanza. Vumbi liondolewe kwa brashi laini kavu. Anayefuta vumbi kwa kitambaa kibichi anatengeneza tope, nalo likiingia kwenye msuko halitoki.

Kila kikapu kiwe na kadi ndogo: jina la aliyekisuka, kijiji, malighafi, bei. Kama kuna kazi mliyoinunua kwa wengine ili meza ijae, iondoeni. Jaji akiuliza "huu mshono mmeuanzaje?" na wote bandani wakatazamana, hata zile kazi zenu halisi zitatiliwa shaka.

Mwaka jana mteja alitaka vikapu 50 palepale bandani. Nikasema ndiyo, baada ya mwezi nilikuwa na 19. Amekasirika, nami nimepata hasara. Bei na muda nivipangeje?
*Msomaji wa Bukoba, Kagera*

Andika saa kabla hujaandika bei. Suka kikapu kimoja huku ukihesabu muda, pamoja na kuandaa malighafi. Kwa mfano malighafi ni shilingi 3,000, kazi saa 14, na saa yako umeipa shilingi 1,000. Hapo ni 17,000. Nauli na chakula cha maonyesho vikiwa 60,000 na umepeleka vikapu 30, kila kimoja kinabeba 2,000. Basi 19,000 ndiyo sakafu yako, chini yake unamlipa mteja achukue. Kwenye kadi andika 23,000, kwa kuwa kupunguziwa ataomba.

Muda nao ni hesabu ileile. Vikapu 50 kwa saa 14 ni saa 700. Peke yako, kwa saa 4 kwa siku, ni siku 175. Mkiwa watano ni siku 35, bila kuhesabu msiba, kilimo wala mtoto kuugua. Mwambie siku 50, uchukue malipo ya awali yanayotosha malighafi, na umpelekee kikapu kimoja cha mfano kabla ya kuendelea na 49.

Assalaam aleikum. Nashona kofia za mkono. Nataka kupeleka moja kwenye shoo ya Mombasa pale Mkomani. Niliwahi kupeleka kwenye shoo nyingine, ikarudishwa bila alama hata moja. Halafu kofia zangu zina mikunjo pale ubavu unapokutana na duara la juu, hata nikivuta uzi haiishi.
*Dada wa Mombasa*

Waaleikum salaam, dada. Kazi ikirudishwa bila alama, mara nyingi haikufika hata kutazamwa ushoni wake, imeangukia kwenye masharti. Chukua kijitabu cha mashindano usome kitengo chako neno kwa neno. Kikisema "kwa mkono", pindo la ndani lililopitishwa cherehani linakutoa, hata liwe la inchi mbili. Kikisema kofia moja, usipeleke jozi. Kikitaka kazi mpya, kofia iliyowahi kuvaliwa itajulikana kwa alama ya jasho kwenye ukingo. Jina lako lisiandikwe popote kwenye kofia kama majaji hawatakiwi kumjua mshonaji. Kadi ya namba ifunge kwa uzi mweupe. Pini hushika kutu usiku mmoja tu katika hewa ya pwani.

Mikunjo haitokani na uzi, inatokana na mkasi. Tuchukue kichwa cha inchi 22. Gawa kwa 6.28, unapata 3 na nusu: hiyo ndiyo nusu ya kipenyo cha duara la juu. Lakini mstari huo ni wa kushonea. Wa kukatia uko nje yake kwa robo inchi. Ukikata juu ya mstari wa kushonea, mshono utaingia ndani robo inchi, na mzingo wa duara utabaki inchi 20 na kidogo. Ubavu wako una inchi 22. Hiyo inchi moja na nusu iliyozidi haina pa kwenda, inajikunja. Ukivuta uzi unaihamisha tu. Kata duara jipya, kisha tia alama nne kwenye duara na nne kwenye ubavu, uzibane zikutane kabla ya sindano kupita.

Vito, yaani vile vitundu vya urembo vilivyoshonewa uzi, navyo vipime kwa mwanga. Simama dirishani, inua kofia, itazame ndani kwa nje. Tundu lililo kubwa kuliko wenzake litajionyesha lenyewe. Kwa kawaida kitoboleo kilizama zaidi hapo ulipokuwa umechoka, kwa hiyo kagua hasa mwisho wa kila mstari. Kisha igeuze. Uzi usiishie kwa fundo. Upitishe chini ya mishono minne mitano ndipo ukate. Fundo hukwaruza kichwa, na kofia ikifuliwa mara mbili linajitokeza upande wa nje.

Wanga uache hadi siku tatu kabla ya shoo. Kofia iliyotiwa wanga ikawekwa mwezi mzima kabatini ni chakula cha mende. Fua kwa maji baridi na sabuni ya kipande bila kusugua. Koroga kijiko 1 cha mezani cha wanga wa muhogo kwenye robo kikombe cha maji baridi, umimine kwenye vikombe 2 vya maji yanayochemka, koroga mpaka uwe wa kupenyeza mwanga. Uchuje. Ukiwa vuguvugu, ichovye kofia, ikamue kwa kiganja bila kuisokota, uivishe kwenye furuma, kile kigogo cha kutanulia kofia. Sasa, kabla haijakauka, chukua kijiti cha meno upite tundu moja moja kuondoa wanga uliojaa humo. Kazi hii inachosha na huchukua saa nzima, lakini wanga ukikauka ndani ya vito hakuna ushoni utakaoonekana, hata uwe mzuri vipi. Ikaukie kivulini. Kuisafirisha, ijaze karatasi nyeupe na uiweke kwenye boksi gumu. Gazeti litaacha wino.

Kikapu changu cha milulu (majani ya kusukia) kikiwekwa mezani kinayumba. Nifanyeje, siku zimebaki chache?
*Msomaji wa Iringa*

Geuza uone kitako. Kikiwa kimebinuka kama sahani, ulikaza mno mizunguko ya nje. Kikiwa na mawimbi ukingoni, uliongeza milulu mingi kwa mkupuo mmoja. Mawimbi hayanyooki, anza kingine. Kilichobinuka kinatibika: nyunyizia kitako maji ndani na nje mpaka kilainike, kiweke juu ya ubao ulio sawa, ndani yake uweke sahani bapa na jiwe la kilo 2 au 3. Kiache usiku kucha, na asubuhi usiondoe jiwe kabla hujagusa kitako na kukikuta kikavu kabisa. Kikiwa na rangi, fanya kwanza lile jaribio la kitambaa cheupe tulilomweleza mama wa Muheza.