Mombasa Ina Saa Zake: Ushauri kwa Wanaokuja Kutembea

Wiki jana msomaji wangu mmoja wa Eldoret aliniandikia. Alimchukua mumewe na watoto, wakapanda treni, wakakaa hoteli moja ya Nyali, wakarudi nyumbani wamechoka na mfuko umekauka. "Dada, usinichukie," akasema, "lakini huko kwenu sikuona kitu. Ni joto tu, na wauzaji wa ufuoni hawakuachi upumue. Hata hiyo bahari, tuliposhuka kuogelea asubuhi tulikuta imeondoka." Kisha akaniuliza kama arudi Agosti au pesa zake azipeleke Naivasha.

Sitaficha, ujumbe ule uliniuma. Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale, nimekulia chini ya kuta za Ngome ya Yesu (Fort Jesus), na ingawa riziki imenihamishia Nairobi, nikisikia Mombasa inasemwa vibaya huwa kama anayesemwa ni mamangu. Lakini nilipoutuliza moyo nikaona kwamba jibu lake limo humohumo ndani ya malalamiko. Bahari haikuondoka. Ilikuwa imekupwa. Na mtu akishajua maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi, nusu ya Mombasa ameshaijua.

Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku hujichelewesha kwa karibu saa nzima kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, tunakuwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikifika karibu mita 4. Siku za bamvua hapa Mombasa maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Basi yule anayeamka polepole, akanywa chai ya hoteli mpaka saa tatu na nusu, kisha akashuka na taulo begani, atakuta mchanga, mwani na vidimbwi mpaka kule mwambani. Atasema hakuna kitu. Mwenyeji saa hiyohiyo amevaa viatu vya mpira na anatembea mwambani na watoto wake wakitazama kaa, viti vya pweza na samaki wadogo waliobaki kwenye vidimbwi. Kuogelea ataenda jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na hayapwi sana. Kabla hujanunua tiketi ya treni, tazama mwezi. Jedwali za maji kujaa na kupwa ziko kwenye simu yako bure.

Nina ushahidi. Januari hii niliwapeleka wenzangu wa kazini, watu wa Nyeri, Kisii na Kakamega, ambao walikuwa wamezoea Mombasa ya hoteli na bwawa la kuogelea. Ratiba niliipanga mimi, nikaipanga kwa maji na kwa jua. Nikawaambia: tunaamka alfajiri, tunapumzika mchana, tunaishi usiku. Mmoja wao alicheka, akauliza kama tunakwenda likizo au jeshini. Mpaka leo yeye ndiye anayenisumbua tupange nyingine.

Asubuhi ya kwanza niliwatoa kitandani kabla jua halijachomoza, tukaingia Mji wa Kale kukiwa bado na ubaridi. Watu wanatoka misikitini, mama wanachoma mahamri, na harufu ya iliki imetanda uchochoroni. Mahamri na mbaazi za nazi ndicho kifungua kinywa cha Mombasa, na ni chakula cha mapema. Ukija saa nne utakuta sufuria inaoshwa. Tulikula tumekaa kwenye baraza ya watu, kwa ruhusa, kisha tukapita Ndia Kuu kutazama milango ya nakshi na roshani za mbao, tukapita msikiti wa Mandhry ambao historia yake inarudi mpaka karne ya 16, tukashuka hadi Bandari ya Kale ambako majahazi yalikuwa yakifika na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Uajemi.

Kisha Ngome, mara tu lango lilipofunguliwa, kabla ya mabasi ya wanafunzi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi huingia, hupiga picha na mzinga, wakatoka. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na iliwahi kuhusuriwa na Waomani tangu 1696 mpaka 1698, karibu miaka mitatu watu wamefungiwa humo kwa njaa na maradhi. Manowari ya Kireno, Santo António de Tanna, ilizama papo hapo chini ya ngome mwaka wa 1697, na vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi viko kwenye makumbusho ya ndani. Waingereza wakaifanya gereza mpaka 1958. Tangu 2011 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mwombe mwongozaji akuonyeshe ile michoro ya mabaharia wa Kireno, meli na watu waliochorwa ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Mwenzangu wa Kisii alisimama pale kimya muda mrefu, na mimi nikaona fahari kana kwamba nimeichora mwenyewe.

Ikafika saa sita. Jua la Mombasa la saa sita si la kushindana nalo. Tukarudi, tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka, tukalala mpaka alasiri.

Hapo ndipo nina neno langu, na wasomaji wangu wa zamani wanajua linatoka wapi. Kazi yangu ya kwanza Nairobi, mkubwa wangu aliniambia mbele ya watu wote kwamba nyinyi wa Pwani mna usingizi mwingi, ndiyo maana hamwendelei. Nilikuwa msichana, sikumjibu. Miaka imepita na bado nikikumbuka koo hunikaba. Babangu alikuwa mvuvi. Alitoka nyumbani usiku wa manane akifuata maji, akarudi jua likiwa juu, akauza, akashona nyavu, ndipo akalala. Yule aliyemwona amelala mchana hakumwona alipoamka. Muuza mahamri ameamka saa tisa usiku. Muuza kahawa bado yuko barazani saa nne usiku. Ndugu zangu, watu wamepanga siku yao kwa jua na kwa maji kwa karne nyingi, na mgeni akikubali mpango huo wiki moja tu ataona hekima yake mwilini. Wenzangu walipoamka saa tisa na nusu wakiwa wapya, maji yakipanda, hakuna aliyesema habari ya uvivu.

Alasiri ile tulikwenda Bamburi, ufuo wa wazi wa Jomo Kenyatta, ambao wenyeji huuita Pirates. Hakuna kiingilio. Utapata familia nzima, maboya ya kukodi, ngamia, mpira mchangani. Na wauzaji, ndiyo. Msomaji wangu amelalamika juu yao, nami nitasema kweli: wanakuja, na wengine hung'ang'ania. Lakini nimeona pia wageni wanaopita mtu kama wanapita mti. Msalimie kwanza, mtazame usoni, mwambie, "Ahsante ndugu yangu, leo sinunui." Mara nyingi mazungumzo huishia hapo kwa amani. Ukitaka mashua ya kioo ya kutazama samaki na matumbawe, patana bei yote kabla ya kupanda, uliza kama ada ya hifadhi imo ndani au la, na vaeni jaketi za kuokolea hata kama nahodha mwenyewe hajavaa. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa imekuwapo tangu 1986, na mlipwaji wa ada ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori, si mtu wa ufuoni. Mkifika mwambani msisimame juu ya matumbawe, wala msiokote kombe. Mwamba huo ndio unaovunja mawimbi mpaka mtoto wako anaweza kuchezea maji.

Wenye watoto, Haller Park iko jirani. Ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, ardhi tupu yenye chumvi. Mwaka wa 1971 René Haller alianza kupanda mivinje, kisha akaleta jongoo wale majani makavu na kuyageuza kuwa udongo. Leo ni msitu wenye twiga, viboko na kobe. Hapo ndipo alipoletwa yule kiboko mtoto, Owen, aliyeachwa yatima kwenye tsunami ya Desemba 2004, akashikamana na kobe mzee mpaka dunia nzima ikawasikia. Mwambie mtoto kisa hicho njiani, halafu mwache atembee.

Jumba la Mtwana nalo, karibu na Mtwapa, mji uliojengwa karne ya 14 na kuhamwa iliyofuata, lina msikiti ukingoni mwa bahari na mibuyu mikubwa. Watu ni wachache, kiingilio si kikubwa. Nendeni jioni mapema, na beba maji.

Sasa chakula, maana nasaha zote nyingine unaweza kuzisahau ukashika hii: usile usiku hotelini. Jioni Mombasa huhamia barabarani. Nenda Mama Ngina, ambako wengi wetu bado tunakuita Lighthouse, ukae chini ya mibuyu na muhogo wa kuchoma uliopakwa pilipili na ndimu, dafu mkononi, ukitazama meli kubwa zikiingia Kilindini karibu kiasi cha kuwaona mabaharia. Ingia mjini upate viazi karai na chatini ya ukwaju, mishkaki, mkate wa mofa, kaimati. Biriani uile mchana wa Ijumaa ukiweza, baada ya swala, ambapo kila jiko limejitahidi. Malizia na kahawa tungu kutoka kwenye dele, lile birika la kahawa, kikombe kidogo, na kipande cha halua. Ukija mwezi wa Ramadhani, ujue mchana Mji wa Kale utakuwa na migahawa michache iliyo wazi, na usile ukitembea. Lakini jua likizama, meza za futari zitakulipa subira yako yote.

Na tafadhali, mavazi. Ufuoni vaa utakavyo, lakini mji si ufuo. Dada, jifunge leso. Mtaa wa Biashara utapata pea nzuri, ila soma jina lake, yale maandishi ya chini, kabla ya kulipa, maana kuna maneno ambayo ukimpelekea mama mkwe utavunja ndoa. Kaka, vaa shati. Usimpige mtu picha kabla hujamwomba, hasa wanawake na wazee. Ukimkuta mzee barazani, shikamoo haikupunguzii kitu. Sisi tumekaribisha wageni tangu kabla ya yule msafiri Ibn Battuta kupita hapa mwaka wa 1331. Tunachotaka ni salamu.

Dada wa Eldoret, kuhusu Agosti. Njoo, lakini ujue unakuja kwenye kusi, majira ya upepo wa kusini. Upepo ni mkali, bahari ina mawimbi, na mwani husukumwa ufuoni kwa wingi upande wa Nyali na Bamburi. Maji safi na tulivu ya kutazama samaki utayapata majira ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, au majira ya matlai, Oktoba na Novemba. Aprili na Mei ni masika. Lakini kusi lina faida yake: joto hupungua. Ni wakati mzuri wa kutembea. Siku moja vukeni Likoni, waendao kwa miguu hawalipi kivuko, mpande Shimba Hills kule Kwale, mwone tembo na swala wakubwa waitwao palahala, na mteremke mpaka maporomoko ya Sheldrick mkifuatana na askari wa wanyama. Wale walioniambia Mombasa ni joto tu hawajawahi kusimama kule juu asubuhi, bahari ikionekana mbali na ukungu bado haujapanda.

Wa mwisho ni usafiri, na nitausema haraka. Kituo cha treni kiko Miritini, si mjini, na barabara ya Makupa na Changamwe ina foleni zake. Siku ya kurudi toka mjini mapema, kwa sababu mizigo hukaguliwa, tena kwa mbwa, na treni haimsubiri mtu. Tiketi za Ijumaa na Jumapili huisha siku nyingi kabla, kwa hivyo kata ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Achari na mabuyu nunua jana yake jioni, ufunge vizuri, la sivyo nguo zako zote zitafika Nairobi zikiwa nyekundu.