Kabla hujamfokea mwalimu mkuu, piga hesabu ya uji

Nimepata ujumbe wa mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Mwanawe yuko darasa la tano, shule ya serikali. Saa nne watoto wakipanga mstari wa uji, kiranja anasimama kando ya sufuria na daftari, anaita majina ya waliolipa. Asiyeitwa anarudi darasani. Mama anauliza aende akamfokee mwalimu mkuu?

Usiende, mama. Ukifoka utabembelezwa, mtoto atapewa uji siku mbili, na wiki inayofuata daftari liko pale pale. Tena mwalimu mkuu anaweza kuwa mtu mwema kabisa na unyonge wa mtoto wako ukaendelea, kwa sababu umekaa kwenye utaratibu: daftari, mstari, dawati, ratiba ya majaribio. Utaratibu hauogopi kelele. Nenda nao kwa hesabu.

Tuanze na huo uji. Ada ya elimumsingi ilifutwa kuanzia Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015. Lakini sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa viliachwa kwa mzazi, kwa hiyo kuchangisha uji si kosa ikiwa wazazi wamekubaliana. Ila kumnyima mtoto kwa sababu mzazi hajalipa ni jambo jingine, na hapo ndipo wengi hawapigi hesabu. Kikombe kimoja cha uji kinataka unga gramu 50 hivi. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto mmoja anakula kilo 9.7 za unga kwa mwaka mzima, karibu nusu debe la mahindi ya dona. Sukari, kuni na posho ya mpishi viko juu yake, lakini mzigo mkubwa ndiyo hiyo nusu debe.

Sasa chukua shule ya watoto 400 ambamo 60 hawajalipa. Unga wa waliolipa 340 ni kilo 17 kwa siku. Ukiwapikia wote 400, kila mmoja anapata gramu 42.5 badala ya 50. Tofauti ni gramu saba na nusu, kijiko kimoja cha chai kilichojaa sana. Kwa kijiko hicho tunawafundisha watoto 60 kila siku, mbele ya wenzao, kwamba wao ni wa aina nyingine. Na tunawafundisha wale 340 pia, hilo tunalisahau.

Kwa hiyo kwenye kikao cha wazazi omba mambo mawili, usiombe kumi. La kwanza, orodha ya malipo ikae ofisini, isionekane tena jikoni wala isisomwe mstarini. La pili, mzazi aruhusiwe kulipa kwa mahindi, na kwa msimu wake. Michango mingi hudaiwa Januari, mwezi wa sare na madaftari, wakati mkulima wa Magu au Misungwi hajavuna. Pesa taslimu ikitolewa, stakabadhi itoke. Isiyo na stakabadhi usitoe, hata kama mwalimu ni jirani yako.

Madawati yana hesabu yake. Darasa la watoto 120 lenye madawati 25 ya kukaa watatu watatu linakalisha 75. Waliobaki 45 wako sakafuni. Ukiingia ghafla ukauliza majina ya walio chini leo, halafu ukarudi baada ya mwezi, mara nyingi utakuta ni wale wale: waliohamia katikati ya muhula, wanaochelewa kwa sababu wanateka maji, ambao wazazi wao hawajulikani na mwalimu. Dawa haigharimu hata shilingi. Gawa darasa makundi 8 ya watoto 15. Kila wiki makundi matatu yanakaa chini. Baada ya wiki 8 kila kundi limekaa chini wiki tatu, hakuna aliyezidiwa. Mabadiliko yafanyike Jumatatu kabla ya kipindi cha kwanza, na jedwali libandikwe ukutani ili watoto wenyewe walisimamie.

Utaratibu huu hufa wiki ya tatu, na chanzo kinajulikana. Mtoto wa mwalimu au wa mjumbe wa kamati ya shule anafikiwa na zamu, anaachwa "kwa leo tu". Wengine wanaona, nao wanagoma kuhama. Anayestahili kutohamishwa ni mwenye sababu ya mwili: mlemavu wa viungo, mwenye uoni hafifu, mwenye ualbino. Huyu wa mwisho akae mbele daima, lakini mbali na dirisha linaloingiza jua, maana mwanga mkali unamzibia ubao. Kwenye mstari wa asubuhi asimame kivulini na kofia yake abaki nayo kichwani. Sheria ya kuvua kofia haikutungwa kwa ajili yake. Na mzazi wake ahakikishe mapema kwamba hali yake imeandikwa shule inapomsajili kwa mtihani wa darasa la saba, ili apate karatasi ya maandishi makubwa na muda wa nyongeza: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Wakikumbuka Septemba, mwezi wa mtihani, wamechelewa.

Shule za kando ya ziwa zina jambo lake ambalo watu wa mbali na maji hawalijui. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa za mitumbwi hazivuti kitu na wavuvi wanapumzika. Giza likirudi, mzigo unatua mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, alfajiri, unatakiwa uanikwe haraka, na mikono ya watoto inaitwa. Mjumbe wa kamati achukue rejista ya miezi miwili, aweke kando yake tarehe za mwezi mpevu. Kama majina yale yale yanapotea wakati wa giza na kurudi mbalamwezi, huo si utoro wa tabia mbaya, na viboko havitaubadilisha. (Simtetei mzazi anayemwanikisha mtoto dagaa saa za shule. Huyo naye aitwe.)

Shule inachoweza kufanya kesho ni kusogeza majaribio. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, kwa hiyo jaribio la "Ijumaa ya mwisho wa mwezi" litaangukia mbalamwezi mara moja, na miezi kadhaa baadaye litakuwa limeingia gizani. Mtoto wa mwaloni anapata sifuri kwa karatasi ambayo hakuiona, halafu sifuri hiyo inatumika kumpanga mkondo wa "wazito". Jaribio likiwekwa siku za mbalamwezi, utajua kwanza nani hajui na nani hakuwepo.

Kuhusu twisheni sina maneno mengi. Azima madaftari mawili ya Hisabati ya darasa moja, la anayelipia masomo ya jioni na la asiyelipia. Linganisha tarehe za kila mada. Mada ikiwa kwenye daftari moja tu, haikufundishwa darasani, iliuzwa.

Fimbo nayo ina karatasi. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Kamati iombe daftari hilo. Likiwa tupu na watoto wanachapwa kila asubuhi, umeshapata jibu. Likiwa limejazwa, hesabu majina yanayojirudia, kisha uliza wanakaa mtaa gani.

Usiende peke yako, maana mtoto wako ndiye atakayebaki darasani na mwalimu. Nendeni wazazi watatu wa madarasa tofauti, na barua moja kwa mwenyekiti wa kamati, nakala kwa Afisa Elimu Kata. Hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Msitaje jina la mwalimu hata mmoja, tajeni namba.

Na wewe mama wa Mwaloni, siku ya kikao pika uji wa vikombe viwili, kimoja cha gramu 50 za unga, kingine 42 na nusu. Mizani ya dukani itakusaidia. Wapitishie wazazi waonje, waambie wakuoneshe kipi ni kipi.