Pikipiki imepita kipimo cha kelele asubuhi, saa sita napigwa bendera nyeusi. Mpimaji kanionea?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Nina pikipiki cc 1000 silinda nne, nimebadilisha sailensa tu, mabomba ya mbele bado ya kiwandani. Asubuhi kabla ya kuingia uwanja wa mbio wakaipima kelele imesimama, nikapata desibeli 101 na kikomo chao ni 105, nikabandikiwa stika nikaenda zangu. Kipindi cha pili raundi ya nne nakula bendera nyeusi, yaani naamriwa nitoke njiani, naambiwa nimepita kwenye mita ya kelele na 94.3 wakati kikomo cha kupita ni 92. Sasa 101 iwe sawa alafu 94 iwe kosa? Mita mbovu au kuna mtu hanipendi? Na app ya simu yangu inasema 90 tu.

JIBU: Hakuna aliyekuonea ndugu yangu, ila nakuelewa kabisa, hili swali naulizwa karibu kila siku ninayoshika mita. Hizo namba mbili zote zinaitwa desibeli ila hazipimi kitu kimoja na hazipimwi sehemu moja, kwahiyo kuziweka pamoja ni sawa na kulinganisha joto la jiko na joto la sebuleni.

Kile cha asubuhi maiki inakaa nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, pembeni kwa nyuzi 45, pikipiki iko nyutro, unapiga resi mpaka mizunguko fulani ya injini kwa dakika unashikilia hapo. Cha uwanjani mita iko mbali pembeni ya njia. Uwanja wa mbio wa Laguna Seca kule California kwa mfano wanapima futi 50, yaani kama mita 15, na siku nyingi za kawaida kikomo chao kimekuwa 90 au 92. Sauti inapotoka sehemu moja na kusambaa, kila umbali unapozidi mara mbili inashuka desibeli 6. Fanya hesabu mwenyewe: nusu mita kwenda moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, ni mara tano, toa 30. Ile 101 yako ingetakiwa isikike kama 71 hivi. We umesomeka 94! Ina maana ukiwa kwenye mwendo unatoa desibeli zaidi ya 20 juu ya zile ulizopimwa nazo asubuhi, na hapo ndo penye swali lako lenyewe, zimetoka wapi?

Kwanza resi. Kwa kipimo cha kusimama cha ISO 5130, ambacho ni kiwango cha kimataifa, pikipiki ambayo nguvu yake ya juu inapatikana juu ya mizunguko 5,000 inapimwa kwenye nusu ya hiyo mizunguko, kama yako inafika kileleni kwenye 13,000 basi unapimwa 6,500. Kuna mashindano wanakokotoa kwa mwendo wa pistoni badala yake, ukichukua mita 11 kwa sekunde na stroki (umbali pistoni inaosafiri toka juu mpaka chini) ya milimita 55 unapata 6,000, ni mulemule tu. Uwanjani hakuna anayeendesha kwenye 6,000.

Pili mzigo, na hiki ndicho watu wanakisahau. Ukiwa nyutro hiyo 6,500 unaifikia kwa kugusa tu mafuta, injini haivuti kitu, gesi inayotoka ni kidogo. Ukitoka kona umefungua mafuta yote kila silinda inajaa, vali ya ekzosi inafunguka huku ndani bado kuna presha kubwa, na ule mlipuko ndo kelele yenyewe. Juu yake weka mlio wa hewa inayovutwa kwenye boksi la filta, ambao asubuhi maiki iliyo nyuma haikuusikia sana, plus cheni na matairi.

Tatu, na wewe hii inakuhusu moja kwa moja: pikipiki nyingi za siku hizi zina vali nyingine ndani ya bomba la ekzosi inayozungushwa na mota ndogo, kwenye mizunguko ya kati inakuwa imejifunga kiasi alafu juu inafunguka yote. Umesema mabomba ya mbele ni ya kiwandani kwahiyo kama mtengenezaji ameiweka huko mbele bado unayo na inafanya kazi, asubuhi ilikuwa imekubania sauti, uwanjani ikaachia.

Mita yao kuwa mbovu sidhani. Mpimaji makini anaweka kifaa cha kusahihishia kwenye maiki kinachotoa mlio unaojulikana, kawaida 94 au 114, kabla na baada ya kazi, una haki ya kumwomba akuonyeshe. App ya simu achana nayo, maiki ya simu imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu anayeongea na nyingi zinapunguza zenyewe kelele zikizidi.

Ila kuna swali moja mi ningekuuliza kabla hujashika spana, hapo kwenye mita ulikuwa peke yako? Pikipiki mbili zenye kelele sawa zikipita pamoja zinaongeza 3, yaani wewe 91.3 na mwenzako 91.3 mita inaandika 94.3. Wapimaji wazuri hawaandiki namba ya kundi, ila mtu huchoka. Rudi muulize kistaarabu raundi ipi na nani alikuwa karibu, na kama upepo ulikuwa unavuma kutoka njiani kuelekea mita.

Kama ulikuwa peke yako, anzia kwenye pamba ya sailensa, ile ya nyuzi za kioo. Inaungua na kupeperuka taratibu, hujui mpaka siku unafukuzwa, mimi mwenyewe yalinikuta, nilifungua nikakuta bomba la matundu liko uchi na vumbi tu pembeni. Alafu angalia kiungo cha sailensa na bomba kama kinavuja, weusi wa masizi pale ni ushahidi. Kile kibomba cha kupunguzia sauti kinachochomekwa mdomoni kirudishe kama ulikitoa, na bolti yake ifunge waya, maana kikiruka uwanjani kinaweza kumpiga mwenzako. Boksi la filta kama umelitoboa lizibe, kuna watu wanahangaika na ekzosi miezi wakati kelele inatoka chini ya tanki.

Wengine wanapandisha gia mapema au wanaachia mafuta wakifika kwenye mita, wengine wanafunga kipande cha bomba kinachogeuza mdomo wa ekzosi usiielekee. Vinasaidia kweli, sikatai, ila ni dawa ya kumaliza siku. Anayelalamika hakai pale kwenye mita, na majirani ndo sababu ya haya yote. Kule Uingereza mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa iliubana uwanja wa mbio wa Croft usizidi siku 40 za kelele kwa mwaka, baada ya majirani kushtaki. Kwahiyo mwenye uwanja akikuonyesha bendera kwa desibeli mbili anahesabu siku zake, hana shida na wewe.

Unahitaji kushuka 2.3 tu, na kwa sailensa iliyochoka pamba mpya peke yake inaweza kukufikisha. Ukishaibadilisha usitegemee kipimo cha kusimama kukwambia kama umefaulu, omba mpimaji akusomee raundi mbili za mwanzo ukiwa umefungua mafuta kama kawaida yako, na ukiwa umejitenga na wenzako.