Umesoma fizikia? Njoo kwenye sera ya nishati

Kila nikija Moshi, wadogo zangu wanaomaliza digrii ya fizikia huniuliza: ukiacha kufundisha, kuna kazi gani? Mimi nilitoka maabara nikaingia serikalini, kwenye sera ya nishati, na jibu langu ni njooni, mnahitajika sana.

Njia hii wengine waliipita zamani. Arthur Rosenfeld alisomeshwa na Enrico Fermi, akafanya utafiti wa chembe za atomu kule Berkeley. Mgogoro wa mafuta wa 1973 ulipoibana Marekani, akageukia matumizi bora ya umeme, na uzeeni akawa kamishna wa Tume ya Nishati ya California. Steven Chu, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 1997, aliteuliwa kuwa Waziri wa Nishati wa nchi hiyo mwaka 2009.

Sasa tuje kwetu. Niliwahi kwenda kuona mashine ya kusaga iliyo mwisho wa laini ya umeme, huko juu Kibosho. Kwenye takwimu kijiji kina umeme, na kweli kinao. Ila ikifika jioni kila nyumba imewasha, volti zinashuka. Pale panapotakiwa volti 400 za fezi tatu, mita yangu ilisoma 340. Mwenye mashine akaniambia, "Umeme umekuja mdogo, mwanangu. Nikilazimisha, mota inaungua." Yuko sahihi kabisa: mota yenye mzigo uleule ikipewa volti pungufu huvuta mkondo mkubwa zaidi, koili zikachemka. Na upotevu ndani ya waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, kwa hiyo tatizo linajilisha lenyewe. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, lakini mama huyu atazifaidi tu akipata waya mnene au transfoma iliyo karibu.

Hilo ndilo unaloleta wewe ofisini. Wengine watahesabu vijiji vilivyounganishwa. Wewe uliza umeme uliofika unaweza kuzungusha nini. Kisha andika kurasa mbili tu: tatizo, njia mbili za kulitatua, gharama ya kila moja, nani analipa. Milinganyo iweke kwenye kiambatisho. Kiongozi anayesubiri kuingia kikaoni hatasoma tasnifu yako, na hana kosa.

Uchumi utajifunza, usiuogope. Anza na Sheria ya Umeme ya 2008, halafu soma maagizo ya bei ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mpaka uelewe gharama za uzalishaji, usafirishaji na usambazaji zinavyoingia kwenye bei ya uniti moja.

Ukipata mafunzo kwa vitendo, usikimbilie makao makuu. Omba wilayani, ufuatane na mafundi wa laini, ubebe mita yako, na upime saa moja jioni, watu wanapopika.