Mume wangu na wimbo wa Lucille

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Tangu nianze kulala Ukerewe kufuata mzigo, kila jioni mume wangu anapiga "Lucille" wa Kenny Rogers, kisha ananyamaza. Kiingereza sikijui. Ananisema?
Mama wa watatu, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wimbo huo wa kantri wa mwaka 1977 naujua vizuri, marehemu mume wangu aliupenda. Mwanamke anavua pete kwenye baa mjini Toledo, Marekani. Mumewe anamfuata, mwanamume wa miraba minne, mikono ina sugu. Msimulizi wa wimbo, mwanamume aliyekaa na huyo mwanamke, anadhani leo amekwisha, kumbe yule baba anatetemeka. Anamwambia mkewe ameondoka wakati mbaya: watoto wanne wana njaa, mazao yako shambani. Hapo huwa nalia, mpaka leo.

Sidhani anakusema. Naona anaogopa. Wewe hujavua pete, umefuata dagaa. Mwambie hivyo kwa kinywa chako, siku ukishuka kivukoni, kabla hujafungua magunia. Mweleze unalala kwa nani na unarudi lini. Safari moja mchukue, akaone dagaa wanavyoanikwa.