Kumlilia Lee: mimi nilikuwa natafsiri huku nalia

Mkuu, umeuliza kama ni wewe peke yako uliyemlilia Lee Everett wa gemu la The Walking Dead, maana jamaa zako wa geto wamekufanya kichekesho wiki nzima. Waache wacheke. Nusu yao hawajalimaliza lile gemu, na nusu nyingine walikwenda kunawa uso bafuni.

Wengi waliokujibu kabla yangu wamesema hadithi ilikuwa nzuri, ndiyo maana imekugusa. Mimi sikubali. Hadithi nzuri nimeziona nyingi na nikalala usingizi wangu. Kwa Lee kuna kitu kingine, na nilikigundua kwa sababu sikucheza peke yangu. (Ambaye hajalicheza aishie hapa, nitataja nani anakufa na vipi.)

Ilikuwa likizo ya Desemba 2015, nyumbani Morogoro, laptopu yangu kuukuu, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa amemaliza kidato cha kwanza. Kiingereza chake kilikuwa cha daftarini. Wale watu wa Georgia, jimbo la Marekani hadithi inapotokea, wakianza kuongea haraka haraka alikuwa anaambulia majina tu. Tukagawana kazi: yeye anashika mausi, mimi natafsiri. Najua, gemu limewekewa alama ya watu wazima. Mama naye alisema hivyo hivyo alipokuja kujua.

Kwa asiyelijua, kampuni ya Telltale walilitoa vipande vipande, sehemu 5, kati ya Aprili na Novemba 2012. Lee ni mwalimu wa historia wa chuo kikuu anayepelekwa jela kwa kumuua seneta aliyetembea na mke wake. Gari la polisi linapata ajali nje ya Atlanta, mazombi yameshatapakaa, na kwenye nyumba anayokimbilia anamkuta Clementine, mtoto wa miaka 8 aliyejificha kwenye kijumba cha juu ya mti. Wazazi wake walikwenda mji wa Savannah, hawajarudi. Kuanzia hapo mtoto ni wako.

Kupiga risasi ni kidogo sana. Muda mwingi unachagua maneno ya kusema, na chini ya skrini kuna mstari unaopungua. Ukiisha hujachagua, Lee ananyamaza, na kunyamaza nako kunahesabika kuwa jibu. Sasa fikiria natakiwa nitafsiri majibu manne kabla mstari haujaisha. Nilikuwa kama mtangazaji wa mpira. Halafu kule juu kwenye kona yanatokea maandishi kwamba Clementine atalikumbuka hilo. Mdogo wangu aliyachukia yale maandishi kuliko mazombi yenyewe.

Kifo cha kwanza kilichomshika ni cha Shawn, yule mtoto wa Hershel, mwenye shamba tulilopewa hifadhi. Trekta limembana mguu, na palepale Duck, mtoto wa Kenny, mmoja wa wenzetu walionusurika, ameshikwa na zombi. Unamsaidia mmoja. Tukamvuta Duck, Shawn akaliwa, baba yake akatufukuza shambani. Mpaka wakati wa chakula cha usiku mdogo wangu alikuwa anasema, "Tungemvuta Shawn, Duck ana baba yake pale." Alipolala nikaanza upya kimyakimya, nikamsaidia Shawn. Akafa vilevile.

Nilihisi nimetapeliwa. Na hii ndiyo hasira ya wachezaji wengi mpaka leo, kwamba uchaguzi wa humu ni kiini macho. Ni kweli kabisa. Larry, mzee mkorofi wa kundi letu, moyo unamsimama, na hata ukimsaidia binti yake Lilly kumfufua, Kenny atamponda kichwa na bonge la chumvi. Ben, kijana mwingine wa kundi, ukimvuta au ukimwachia aanguke, sehemu ya 5 haimalizi akiwa hai.

Lakini sikumwambia mdogo wangu habari za Shawn, na nilijiuliza sana kwa nini nimemficha. Nadhani ni kwa sababu lile "tungefanya vile" ndilo lililomfanya awe makini na Clementine. Alianza kuniuliza kila jibu lina maana gani hasa, anaangalia mtoto amesimama wapi, amekula au hajala. Ningemwambia Shawn angekufa tu, ningekuwa nimemwambia pia kwamba pale hakuwa na kazi yoyote.

Kinachomliza mchezaji ni kazi aliyoifanya kwa ajili ya mtu. Kifo peke yake hakitoshi. Carley, mwenzetu mwingine, alipopigwa risasi na Lilly kando ya barabara nilishtuka, nikatukana, nikaendelea. Nilimpenda, lakini sikuwa nimemfanyia kitu zaidi ya kuongea naye. Duck je? Duck nilikuwa simpendi hata kidogo. Mtoto ana kelele, anauliza ujinga, anakera. Sehemu ya 3 inabainika ameng'atwa, na hapo ndani ya treni unamwangalia anavyofifia huku baba yake anaendesha na hataki kusikia. Treni inasimama. Mama yake anaingia naye porini, mlio mmoja unasikika, na aliyejipiga ni mama. Duck bado anapumua.

Linakuja swali: nani atammalizia? Nikatafsiri. Mdogo wangu akaachia mausi.

Hiyo ndiyo mara pekee niliyoshika mimi. Nikachagua Lee afanye, nikidhani namwepushia Kenny jambo ambalo baba hatakiwi kulifanya. Kumbe gemu halikufanyii. Alama ya kulenga inatokea na unatakiwa uisogeze mwenyewe mpaka kwenye kichwa cha mtoto. Mazombi tumeshayapiga mengi tu kwa kitufe hicho hicho, hatukuwahi kukiona kizito.

Baada ya hapo kuna tukio dogo ambalo watu hawalitaji. Lee anamfundisha Clementine kushika bastola, na anamkata nywele ili mazombi yasipate pa kumshika. Mdogo wangu, ambaye shuleni kwao wote wananyolewa vipara, akacheka: "Kumbe na yeye yuko shule ya serikali!" Tukacheka wote. Tulikihitaji kile kicheko.

Sehemu ya 4 inaisha Lee ameng'atwa mkononi. Na umeme nao ukakatika, betri ya ile laptopu ikiwa ya kuhesabu dakika. Usiku kucha ikawa maswali gizani. Mkono ukikatwa sumu itapanda? Clementine atabaki na nani? Wale wazazi wake wamekufa kweli? Asubuhi, chai haijachemka, laptopu ipo mezani na uamuzi umeshapita: tunakata. Tukakata, bila dawa ya ganzi, Lee anapiga kelele mpaka nikapunguza sauti majirani wasije. Haikusaidia kitu. Alipoanza kuyumba na kuanguka, mdogo wangu aliniangalia mimi kana kwamba nimetafsiri vibaya.

Ile ya mwisho unaijua. Savannah, duka la vito, Lee amekaa sakafuni hawezi tena kusimama. Njiani Clementine ameshawaona wazazi wake wakitembea katikati ya mazombi. Sasa lazima mtoto ampore funguo mlinzi aliyegeuka zombi, na wewe kazi yako ni kumwelekeza tu kwa maneno. Hapo ndipo nilipoona wametufanya nini. Saa zote zile mikono ilikuwa yako. Ulivunja, ulipiga, ulimbeba. Dakika za mwisho mikono imekuwa ya mtoto, na wewe umebakiwa na mdomo. Kwetu sisi, mdomo wenyewe ulikuwa wangu.

Nikafika pale Lee anapomwambia nywele zake aendelee kuziweka fupi. Nikasema, "Anamwambia nywele..." basi. Sauti haikutoka. Mstari ukaendelea kupungua, mdogo wangu ananisukuma bega, "Nywele nini? Kaka, anasema nywele nini?" Mwisho akaelewa bila mimi.

Swali la Clementine kumpiga Lee risasi au kumwacha, mdogo wangu alichagua amwache. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto hatakiwi kulibeba lile. Gemu linapoonyesha wachezaji wengine walichagua nini, akaona kuna waliomwambia Clementine apige, akasema, "Hawa ni watu wa namna gani?" Mimi nilikuja kucheza tena peke yangu nikawa mmoja wao, kwa sababu sikutaka ageuke zombi. Sijamwambia mpaka leo. Kama anasoma hapa, samahani.

Kuna aliyetaja gemu jingine, The Last of Us Part II, na ghadhabu za mwaka 2020. Ile nayo ni kilio, imetokea upande wa hasira tu. Ulimlea yule binti Ellie kwa mikono ya Joel gemu zima la kwanza, la 2013. La pili halijafika mbali Joel anauawa kwa gongo la gofu, hupewi nafasi ya kuaga wala ya kuzuia, kisha baadaye unalazimishwa kumchezea Abby aliyemuua. Lee alikupa muda wa kuaga, Joel hakukupa. Waliotupa padi chini nawaelewa. Waliomtumia Laura Bailey, mwigizaji wa Abby, vitisho vya kumuua, mpaka yeye mwenyewe akaviweka hadharani, siwaelewi na sitaki kuwaelewa. Yule mama alikuwa kazini.

Na kama unataka kupima haya ninayosema, jaribu Project Zomboid, gemu jingine la mazombi. Humo huna Lee wala Clementine, una mtu uliyemuumba mwenyewe huko Kentucky, na gemu likianza linakwambia wazi kwamba hivi ndivyo ulivyokufa. Nimekufa humo kwa dirisha lililovunjika, kwa njaa, kwa kuacha jiko linawaka nikaenda kulala. Kila mara nacheka. Isipokuwa siku moja nilirudi na mtu mpya kwenye dunia ile ile kulitafuta begi langu, nikamkuta mtu wangu wa zamani ameshakuwa zombi, amevaa lile koti nililohangaika siku nzima kumtafutia. Hadithi hakuna, jina nililiandika ovyo. Lakini koti nililitafuta mimi. Nilisimama na shoka pale kwa muda ambao kwenye Zomboid ni wa kujiua.

Kwa hiyo jamaa zako waulize swali moja tu: kwao Duck alipigwa na nani, Lee au Kenny? Atakayejibu haraka bila kuangalia pembeni, huyo hakucheza, alitazama video.

Msimu wa pili wa The Walking Dead upo, ila pumzika kwanza. Humo hutaanza na mtu wa kumlea, Clementine mwenyewe ndiye wewe. Sitakuharibia. Mwanzoni kabisa mtaingia chooni. Bastola yako iangalie.