Maswali na Majibu: Bei ya Kazi ya Kuchomelea

Nimepeleka mchoro mmoja wa geti kwa mafundi wawili, mmoja Nyakato na mwingine Mabatini, hapa Mwanza, na bei zao zimepishana karibu maradufu. Ni nani anayetaka kunipunja? (Mwenye nyumba, Buswelu)

Huenda hakuna, kwa sababu huenda kila mmoja amekadiria geti lake. Mwombe kila fundi aandike unene wa bomba na wa bati kwa milimita, idadi ya mabomba ya mita 6, aina ya bawaba, rangi ya kuzuia kutu, na kama usafiri na ufungaji vimo ndani ya bei. Shiti ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 1.5 ina uzito wa takriban kilo 35, ilhali ya milimita 1 haifiki kilo 24, na zikishapakwa rangi jicho halizitofautishi. Linganisha bei baada ya vipimo kulingana, si kabla.

Nina karakana ndogo Igoma. Nahesabu vyuma na vijiti vya kuchomelea, kisha naongeza nusu yake kuwa ufundi, lakini mwisho wa mwezi sioni faida. Nakosea wapi?

Unapima jasho kwa mizani ya chuma. Grili yenye maua hula chuma kidogo na saa nyingi, ilhali meza ya bati nene hula chuma kingi na saa chache, kwa hiyo asilimia ileile juu ya vyuma itakuumiza kwenye kazi ya kwanza na kukufukuzia wateja kwenye ya pili. Anza na saa. Anayechomelea kwa vijiti mara nyingi huwa na moto unaowaka kwa takriban robo tu ya muda wake, na muda uliobaki huishia katika kupima, kukata, kushikiza, kubadili kijiti, kugonga magamba yanayofunika mshono na kusaga kwa grainda; ukiona kazi ina saa 2 za moto, andika saa 8. Gharama ya saa moja ipate kwa kujumlisha ujira wako na wa msaidizi, kodi ya banda, leseni, diski na uchakavu wa mashine kwa mwezi, kisha ugawanye kwa saa ambazo wateja wamezilipia kweli, si kwa saa ambazo banda lilikuwa wazi. Faida huongezwa baada ya hapo.

Mteja wa tishari anataka mishono ya pembe ya milimita 8 badala ya 6. Tofauti ni milimita 2 tu. Je, niongeze bei kidogo?

Usiongeze kidogo. Ujazo wa mshono wa pembe hukua kwa mraba wa mguu wake, yaani upana wa upande wake mmoja unaoshika bati: kwa kila mita, mguu wa milimita 6 unahitaji takriban gramu 141 za chuma, na wa milimita 8 gramu 251, yaani ongezeko la karibu asilimia 78. Tena kijiti hakiingii chote kwenye mshono, maana kiasi cha theluthi moja hupotea katika magamba, cheche na vipande vya mwisho unavyotupa, hivyo pakiti ya kilo 5 iliyotosha mita 23 sasa itaishia mita 13, na saa nazo zitapanda kwa kiasi kilekile. Kabla ya kukubali, mweleze mteja kwamba bati likiwa jembamba, mshono mnene hauliongezei nguvu, bali joto lake hulipinda, na kulinyoosha ni gharama nyingine.

Umeme nikadirie vipi?

Mashine ya kuchomelea ya inveta ikiwa kwenye ampea 120, saa moja ya moto hula takriban uniti 4. Zidisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yako ya LUKU. Kwa kawaida ni kiasi kidogo kando ya ujira. Jenereta ina hesabu yake, kwa lita za mafuta.

Tangi la petroli la boti yangu linavuja. Fundi wa Kirumba anadai fedha nyingi kwa kulisafisha kuliko kwa kulichomelea. Ni haki?

Ni haki kabisa. Mvuke mdogo tu wa petroli uliosalia ndani unatosha kulipua tangi, na kulisuuza mara moja kwa maji ya ziwa hakutoshi, kwa kuwa mafuta hujificha kwenye kutu na mikunjo, kisha hutoa mvuke upya yakipata joto. Kulifungua, kuliosha kwa sabuni na maji ya moto, kulipitisha hewa na kulijaza maji hadi karibu na mahali pa kuchomelea ni kazi ya saa nyingi, wakati ufa wenyewe huenda ukazibwa kwa dakika chache. Anayekutajia bei ya ufa peke yake usimwachie tangi hilo.